Mapasa Hawana Nusu

Goma, Jumatatu, 9 Oktoba 2023. Asubuhi manyunyu, volkano haikuonekana.

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Micheline,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya Butembo isikuonee. Sisi tuko wazima, ila moyo wangu hautulii, na haya si mambo ya kusema kwa simu.

Unajua ninalea watoto hapa nyumbani mama zao wakiwa sokoni. Sheria yangu ilikuwa hii: mtoto wa kwanza analipa bei yote, ndugu yake nusu. Wamama waliipenda. Mwezi uliopita Victoire, anayeuza maharagi Birere, akaniletea mapasa wake, pacha wa kiume, Gakuru aliyetangulia kuzaliwa na Gato aliyemfuata. Nikamwambia Gato ni nusu. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Kesho yake akaja mama mkwe wake, bibi ya watoto, Koko Nyirarukundo. Alikataa kiti. Aliniuliza nusu ya Gato ni ipi, ya juu au ya chini, na uji nitaumimina upande gani. Akasema mapasa ukimvika mmoja unamvika na mwenzake. Ukimshusha mmoja unamwitia ugonjwa. Nikamweleza kwamba ninamsaidia mama, sipimi mtoto. Akajibu kwamba hata mbuzi hapunguziwi bei kwa kuwa ndugu yake ameshauzwa. Wamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Koko akaapa kuwaondoa wote wawili, Victoire awabebe katikati ya pikipiki za Birere.

Nikakubali: bei yote, wote wawili. Koko akapita mtaani akitangaza kwamba Mama Léonie hapimi batoto.

Sifa hiyo ndiyo imeniponza. Mama Igihozo alikuwa akimlipia Carlos, mdogo wake Igihozo, nusu. Akaona haya. Bei yote mara mbili haiwezi, basi tangu Jumatano analeta Igihozo peke yake. Leo msichana akaniambia Carlos yuko ndani, mlango una kufuli. Ana miaka miwili, Yaya! Nilimwachia jirani watoto, nikakimbia. Nilisimama dirishani nikimwimbia mpaka mama yake aliporudi. Nilimsihi amlete kesho. Alilia, akasema hataki mwanawe aitwe nusu wakati wa wenzake ni wazima.

Sasa nikuambie asilolijua mtu ila mimi na Victoire. Victoire halipi bei yote. Ananilipa mbele ya Koko, na jioni namrudishia ile nusu ya Gato, nimeifunga ndani ya kitenge. Ni sifa ya uongo iliyomfungia Carlos.

Nimemwomba Mama Igihozo aje kesho asikilize tu. Koko akija na mapasa nitamwambia yote mbele yake, na kwamba kuanzia sasa nyumba ndiyo inalipa, si mtoto: wawili au watatu, bei ni moja ya nyumba. Koko akiwachukua mapasa, awachukue.

Niombee. Wasalimie wote wanaonikumbuka, na umbusu mdogo wetu Élodie.

Mdogo wako,
Léonie

Jumanne asubuhi: nililala saa tisa usiku. Koko anabisha hodi, na nyuma yake nasikia sauti ya Carlos.