Rafu Zilizojaa

Hai Malakal, Juba
1 Oktoba 1975

Natalina amerudishwa kazini! Maktaba ya shule inafunguliwa tena, barua imetoka ofisi ya elimu ikiwa na muhuri wake wa zambarau, nimeishika kwa mikono yangu mwenyewe!

Sasa nikusalimu, dada yangu mpenzi Teresina, maana furaha imenivuta kalamu kabla ya adabu. Hamjambo huko Gulu? Shemeji Cirillo na kile kifua chake, bado kinamsumbua asubuhi? Sisi huku ni wazima. Karanga tumevuna, si nyingi, lakini za kutosha kuwafunga mdomo majirani waliosema shamba langu limechoka. Univumilie mwandiko. Unajua Kibari chetu ni cha mdomoni, na huu mkono wangu unajua kile Kiswahili tulichojifunza pamoja katika kambi ya wakimbizi huko Uganda, darasa la watu wazima, wewe ukinishinda kila siku kwa sababu mimi nilikuwa nasinzia.

Najua utauliza: arudishwe kazini kutoka wapi? Katika barua ya mwezi wa nane nilikuandikia kwamba yuko likizo. Dada, haikuwa likizo. Alikuwa amesimamishwa, na mimi niliona aibu kukuambia. Leo nitasema yote, hata yale ambayo kalamu hii haitaki.

Lakini kwanza niache nijisifu kidogo, maana nimekaa miezi miwili bila kujisifu na unajua hiyo ni adhabu kwangu. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimezaa mtu anayejua kila kitabu kilipo, hata akifumba macho. Na usifikiri kazi yake ni kukaa na funguo kiunoni. Mtoto akija, Natalina hampi kitabu tu kama anayegawa sabuni. Anamkalisha, anamwuliza anapenda nini, kwao wanafanya kazi gani, kitabu kilichopita kilimchosha wapi. Mtoto wa fundi baiskeli, aliyekuwa haendi shule ila kwa fimbo, alipewa kitabu chenye picha za mashine, sasa ndiye anayefika kabla ya kengele. Walimu nao anawabeba. Mwalimu akitaka kufundisha habari za mito, anakuta vitabu vya mito viko mezani kwake tangu asubuhi, kurasa zimewekwa vipande vya karatasi. Mkuu wa shule, Ustaz Romano, aliniambia kwa mdomo wake kwamba bila Natalina walimu wake wangekuwa wanafundisha kwa kukumbuka tu.

Na kuna jambo lingine. Watoto waliorudi kutoka Uganda kama wetu wanasoma Kiingereza, na waliobaki hapa wakati wa vita wamesoma Kiarabu. Walikuwa hawaketi benchi moja. Hawa wakiambiwa warudi kwa Waganda wao, wale wakiambiwa hata kushika kalamu hawajui. Natalina aliwakalisha wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anamsahihisha, halafu wanabadilishana kitabu na lugha. Sasa wanatukanana kwa lugha zote mbili, lakini benchi ni moja.

Wasichana hawana nafasi ya kukaa maktabani, wanangojewa kwenye maji na jiko. Kwa hiyo yeye anawaazima vitabu waende navyo nyumbani, wasome huku mboga inachemka. Anaandika jina kwenye daftari, na kitabu kikirudi anaweka herufi R pembeni. Kikirudi na doa la mafuta hagombi. Basi ukiingia maktaba ile siku ya kawaida, rafu zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Mwezi wa saba alishikwa na malaria mbaya, akalazwa hospitali siku sita. Siku hizohizo ofisi ikapeleka habari kwamba mkaguzi, Bwana Ezbon, atafika shuleni Jumatano. Akafika. Alipofunguliwa mlango alikuta rafu zimejaa mpaka juu, vitabu vimesimama kama askari wa gwaride, hakuna vumbi, hakuna pengo, hakuna hata kitabu kimoja kilicho nje. Akafungua daftari. Kila jina lilikuwa na R pembeni, zote kwa wino uleule, kama zilizoandikwa katika kikao kimoja. Ustaz Romano alijaribu kueleza kwamba watoto husoma sana, lakini yeye mwenyewe alikuwa anashangaa zile rafu. Bwana Ezbon akasema mahali watoto wanaposoma hapafanani na pale. Akasema ama hakuna anayesoma, ama mtunza vitabu alisikia fununu za ukaguzi akapika daftari kabla ya kulazwa, na yote mawili ni mabaya. Akaandika kwamba Natalina asimamishwe kazi na vitabu vipelekwe mji mwingine wenye wasomaji.

Mtoto alitoka hospitali, akakuta kufuli jipya. Vitabu vilikuwa vimepakiwa kwenye katoni vinangoja lori. Majirani wakapata la kusema: hawa waliotoka Uganda wanajua kula mshahara wa serikali tu. Mimi nilisimama kwenye bomba la maji nikamtukana Bwana Ezbon na ukoo wake wote, wanawake wakanipa pole, malesh, malesh, Mama Natalina, na wengine wakacheka ndani ya ndoo zao.

Sasa nimefika penye ugumu. Aliyejaza zile rafu ni mimi.

Natalina alinipa ufunguo nimpelekee Ustaz Romano. Njiani nikasikia mkaguzi anakuja kesho yake. Nikasema niingie nifagie tu, mtoto wangu asiaibike. Nilipofungua nikaona mapengo, nikausahau ufagio. Unakumbuka kule kambini nilivyokuwa mtunza stoo ya mablanketi na unga. Unakumbuka siku ya ukaguzi, pengo moja tu kwenye rafu maana yake wizi, na yule mwenzetu wa stoo ya pili alivyosimamishwa juani mbele ya watu wote. Mimi rafu zangu zilikuwa zimejaa, nikapewa blanketi na kupigiwa makofi. Hiyo ndiyo elimu yangu ya kutunza vitu, sikuwa na nyingine. Nikaona mtoto wangu ataitwa mwizi akiwa kitandani na maji ya mshipa mkononi.

Nikachukua daftari na gunia. Mchana ule nilipita nyumba hadi nyumba, nikisoma majina kwa sauti langoni kama polisi. Sikuomba vitabu, dada. Nilidai. Watoto wa watu niliwaita wezi wa mali ya serikali, mama zao wakisikia, wageni wao wakisikia. Kwa Mogga mwashi, binti yake Kiden wa darasa la sita alikuwa chini ya rakuba yao, kile kibanda cha kivuli, kitabu kiko magotini, mkono mmoja unakoroga sufuria. Akaniomba amalize, zimebaki kurasa tatu. Nikamwambia atazimaliza mwakani, nikakivuta. Mogga akaniuliza tangu lini maktaba imekuwa na mgambo wa kike, na kama nimemaliza vitabu nichukue na sufuria, nayo ni ya chuma, itanifaa kwa kofia ya mgambo. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika, karatasi hii itapita mikononi mwa Lemi dereva naye ni mtu wa kanisa.

Nikarudi, nikapanga, nikapangusa, nikaweka R pembeni ya kila jina. Nikafunga, ufunguo nikampa Ustaz Romano bila kumwambia lolote. Nikaenda hospitali nikamwambia Natalina apumzike, kila kitu kiko sawa. Nilitoka pale najiona mama kuliko mama wote wa Juba.

Na baada ya hapo nikanyamaza. Miezi miwili, dada. Nilikuwa namtukana mkaguzi kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe. Kila siku namwona mtoto wangu anatoka kwenda kuuza chai sokoni na mimi, yeye aliyesoma, anasuuza vikombe, na watoto wa shule wanapita wanamwamkia mwalimu, naye anawauliza wanasoma nini sasa. Wanasema hawasomi kitu.

Wiki tatu zilizopita nilimshauri aende ofisini aseme kuna mtu alichezea daftari akiwa mgonjwa. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Hakuinua kichwa. Akasema mkaguzi alimwonyesha ule ukurasa siku ya kwanza alipoitwa ofisini, akamwuliza hizi R ni za nani, naye akajibu ni zake. Akasema angeujua ule mwandiko popote, R yangu ina mguu mrefu kama mpini wa jembe. Hakutaka mama yake aitwe ofisini kusimamishwa mbele ya watu. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama Kiden alikuwa amemaliza kile kitabu.

Dada Teresina, angenipiga ingekuwa nafuu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mogga. Nilipiga magoti langoni palepale niliposimama na gunia. Mogga akasema ninyanyuke, nitachafua kitambaa changu cha kujidai, lakini sauti yake ilikuwa imelainika. Nikamwomba anipe Kiden tufuatane ofisini. Bwana Ezbon nilimwambia yote nimesimama. Akanipa karatasi akaniambia niandike R. Niliandika tano, kila moja na mguu wake mrefu. Akaziweka kando ya daftari akazilinganisha moja moja. Halafu akamgeukia Kiden, akamwuliza kile kitabu kilihusu nini. Mtoto akasimulia. Alisimulia mpaka chai ya mkaguzi ikapoa, kila mtu wa ndani ya kitabu na jina lake, halafu akakatiza ghafla, akasema hapo ndipo alipofika, mengine yalichukuliwa na huyu mama. Mkaguzi akacheka. Mimi sikucheka. Kumbe katoni zilikuwa bado stoo ya ofisi, lori halikupatikana. Zimeanza kurudi.

Hakuna aliyenipa sharti lolote. Natalina mwenyewe anasema yamekwisha. Lakini watoto wale niliwaita wezi mbele ya watu, na ni mbele ya watu haohao nitasema kwamba hawakuiba kitu, walikuwa wanasoma, na aliyeharibu ni mimi, na binti yangu alibeba lawama yangu. Nimemwomba Ustaz Romano nafasi siku ya kufungua, amenipa. Unajua mdomo wangu haujawahi kuogopa mtu. Sasa unaogopa. Ndiyo maana nakuita. Njoo usimame karibu yangu, hata usiposema neno. Lemi atarudi na lori kupitia Nimule, nimemwambia akuwekee nafasi ya mbele, na Shemeji Cirillo akipata nguvu naye aje.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina, na wazee wa kanisa wanaoniulizia. Natalina anakuamkia, ameketi hapa anapaka gundi migongo ya vitabu na hajui naandika nini, ama anajua na amenyamaza tena. Wazazi wote wa mtaa huu wa Hai Malakal tumewaalika, na watoto wote, kila mmoja aje kuchukua kitabu aende nacho kwao. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nane mwezi huu wa kumi, saa nane mchana.

Mdogo wako,
Keji, Mama Natalina