Duara Safi

Mdogo wangu mpenzi,

Kwanza pumua: mama anaendelea vizuri. Jana kamfokea muuguzi kwa sababu chai ilikuwa baridi, kwa hiyo ujue amerudi mwenyewe.

Kwenye simu sikukwambia kwamba kidonda kilikuwa kinaula mguu wake. Dawa ya kwanza iligonga mwamba, ya pili vilevile. Usaha ukaletwa maabara kwetu, na mimi ninayelipwa kuchunguza jinsi bakteria wanavyoizoea dawa nikamwomba mwenzangu aupime, maana huyu alikuwa mama, si sampuli.

Asubuhi akaniita. Kwenye sahani ya maabara, palipopangwa vipande vya dawa mbalimbali, bakteria walikuwa wametanda kama ukungu, wamezikaribia dawa zote bila woga, isipokuwa moja. Hiyo ilizungukwa na duara safi, tupu kabisa: iliwaua, na ndiyo anayopewa mama sasa. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na sioni aibu.

Usugu huo wa kutosikia dawa bakteria waliupata wapi? Nilimuuliza mama. Kumbe kila akipewa dozi humeza nusu, akipata nafuu inayobaki anawawekea wajukuu.

"Dawa nzuri hivyo, mwanangu, nitaimalizaje peke yangu?"

Miaka yote nahubiri mikutanoni kwamba dozi isiyomalizwa huwafunza bakteria kuizoea dawa, kumbe nyumbani kwetu kuna duka la dawa chini ya mto!

Sasa ameapa kumaliza. Akimeza, ananitolea ulimi nimkague kama mtoto.

Tena kaninong'oneza kwamba ulipoondoka alikufichia vidonge ndani ya soksi. Usimeze hata kimoja. Nirudishie vyote, na soksi pia anazitaka.

Dada yako,
mkaguzi wa ulimi