Samaki Wako Wamefika Mbale

Zaituni dada yangu,

Samaki wako wamefika Mbale wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kunipokea mzigo. Mmoja tu hayupo, yule mwenye doa jeusi mgongoni. Alikufa kwetu Walukuba, Jinja, wiki ile niliyoletewa habari zako. Nilimtoa kwenye karai nikamfukia nyuma ya bafu bila chozi. Machozi yote yalikuwa yameshaenda kwako.

Nakuandikia nikiwa kwa dada yako Mariamu, hapa Namakwekwe. Mwanao Halima yuko shule. Mariamu yuko nje anafua. Sanduku la kioo liko mbele yangu, limejaa maji, na nimepapasa chini yake kwa kiganja mara nyingi leo: pakavu. Fundi alifanya kazi. Laiti ungeliona.

Nakumbuka ulivyolileta Walukuba. Ulikuwa umempikia yule Mhindi, Mama Shirin, miaka mingi, na Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, wapishi wenzako walirudi mitaani na cherehani, vitanda, masufuria ya shaba. Wewe ulikuja na mkokoteni umekumbatia sanduku la kioo, samaki wakiwa kwenye ndoo. Wanawake wa bombani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Mjaluo, muuza samaki wakavu, napata jirani anayefuga samaki wasioliwa! Ukanitazama ukaniambia, "Wewe kaa mbali na mlango wangu. Hawa wameshasikia harufu yako, wanatetemeka." Urafiki wetu ulianzia hapo.

Kuna jambo sikukuambia. Nilipenda sana kukaa chumbani mwako jioni. Nje mambo yalikuwa yameharibika. Sukari hakuna, chumvi hakuna, sabuni hakuna, mtu anaenda kazini asubuhi harudi, na mkewe anaogopa hata kuuliza. Lakini kwako wale samaki walikuwa wanazunguka tu, polepole, kana kwamba hakuna serikali. Unawapa chembe za posho ya mahindi kwa ncha ya kidole, Halima anawaita majina, mimi nimeegemea ukuta nimenyoosha miguu. Kwa muda huo nilikuwa nasahau kuogopa. Nilidhani unajua. Sasa najiuliza kama ulijua.

Halafu ikaja ile siku ya msako. Askari walikuwa wanatafuta magendo, na walianzia kwangu, maana kwao Mkenya na magendo ni kitu kimoja. Walimwaga magunia yangu yote, hawakukuta ila samaki wakavu, wakaingia kwako na hasira zao. Yule mrefu akasimama mbele ya sanduku.

"Mama, hii nini?"

"Samaki, afande."

"Mimi naona samaki. Chini ya mawe iko nini?"

"Mawe tu, afande."

Hakuamini. Mali ya Wahindi ilikuwa inatafutwa hata kwenye mashimo ya vyoo. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakoroga changarawe, samaki wakawa wanagonga vioo kama vichaa. Hakupata kitu. Alipogeuka kutoka, kitako cha bunduki yake kikapiga pembe ya kioo. Nilisikia mlio mdogo sana, kama wa kijiti kikavu. Yeye wala hakugeuka. Alifuta mkono kwa pazia lako akaenda.

Ufa ulipanda kutoka pembeni mpaka katikati ya kioo, na maji yakaanza kuteremka ukutani. Nilikuwa nakuangalia wewe, nikingoja ulie. Ukasema tu, "Adhiambo, lete karai."

Tulihangaika na ule ufa, Zaituni. Tulipaka nta ya mshumaa, ikabanduka. Tukapaka lami uliyoomba kwa watu wa barabara, maji yakawa na utando na samaki wakaja juu wakitafuta hewa, tukawarudisha karai mbio. Tukazunguka Jinja nzima kutafuta kipande cha kioo. Maduka yaliyokuwa yanauza vioo yalikuwa na wenyewe wapya, na wenyewe wapya hawakuwa na kitu isipokuwa rafu. Ndipo ukakumbuka fundi wa fremu za picha kule Nabuyonga, Mbale, anayefahamiana na Mariamu. Ulisema kioo peke yake hakitoshi, fundi lazima aone fremu ya chuma yenyewe, akwangue pati kuukuu inayoshika kioo na kuweka mpya. Ukalifunga sanduku kwa godoro la Halima, ukapanda treni, mtoto mkono mmoja, mzigo mkono mwingine. Dirishani ulipiga kelele hadi watu wote wa stesheni wakageuka: "Usiwalishe sana! Na usimwuzie mtu!"

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio yangu. Nilicheka. Nilikupungia mkono huku nacheka.

Salamu ya kwanza uliyonitumia aliileta kondakta wa basi. Fundi hana kioo, lakini Mariamu amekubali kutoa kioo cha dirisha lake la nyuma, na kazi imeanza. Nilifurahi. Salamu ya pili aliileta kondakta yule yule. "Anasema anaumwa tumbo kidogo. Anasema usije, ukae na samaki." Nikamuuliza, kidogo vipi? Akasema alikuona umesimama, umejishika kiuno, lakini ulikuwa unatabasamu.

Nikakaa na samaki.

Sijui niandike nini hapa. Nimekwisha kukata mistari mitatu. Uliniambia nisije, nami nilikutii, na maisha yangu yote sikuwahi kumtii mtu haraka hivyo. Mama yangu angeshangaa. Kama ungesema "njoo," ningekuja kwa miguu. Kwa nini hukusema njoo, Zaituni? Kwa nini ulimtabasamia kondakta?

Mariamu amenieleza yaliyobaki. Maumivu yalikushika tangu asubuhi ile mliyokuwa mnapeleka kioo kwa fundi, nawe ukasema ni uchovu wa treni. Siku ulipoanguka jikoni walikupeleka hospitali. Muuguzi alisema ni utumbo, unahitaji kupasuliwa leo leo. Lakini daktari wa kupasua alikuwa amekimbia nchi, na aliyebaki alikuwa ameitwa kambi ya jeshi. Muuguzi akakaa na wewe, akawa anakupangusa uso kwa kitambaa cha maji kwa sababu hakuwa na kingine cha kukupa. Mariamu anasema yule mama alilia kuliko ndugu zako.

Habari kwamba umelazwa zilinifikia zimechelewa, nikafika siku ya pili baada ya mazishi. Ninyi Waislamu hamngoji, na sikuwalaumu. Nilimkuta Mariamu ameketi mkekani, na sanduku limekwisha tengenezwa, limesimama uani kwenye jua, tupu, zuri. Nikaligusa. Akaniambia bila kuinua macho, "Liondoe hilo. Ondoka nalo leo. Alikuja hapa kwa ajili ya sanduku, nami nikampa kioo cha nyumba yangu atengeneze, wala sikumwona anavyokufa. Usipoliondoa nitalivunja na shoka."

 Na mimi nilikuwa nimekaa Jinja nawapa samaki posho. Tukalia pamoja, kila mtu na lake. Halima ndiye aliyekuja akanishika gauni. Akaniuliza, "Shangazi Adhiambo, na samaki nao wamekufa?"

Nikamwambia wako wazima. Akasema, "Waongo. Mlisema mama anapona."

Kwa hiyo nilirudi Jinja nikawachukua. Nisingeweza kumwacha mtoto na neno hilo. Nilitafuta debe lenye mfuniko, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikapanda treni nalo limekaa mapajani. Tororo, tulipobadilisha treni, askari mmoja akanisimamisha. Kijana, macho mekundu, kofia imemshukia.

"Debe iko na nini? Pombe ya waragi?"

"Samaki, afande. Wazima."

"Fungua."

Nikafungua. Akainama. Zaituni, nililishika debe kwa mikono miwili. Nilikuwa naona ule mkono mwingine, ule uliokoroga changarawe zako.

"Kwa nini haujapika hii?"

"Ni wa rafiki yangu, afande. Amefariki. Nawapelekea mtoto wake."

 Akanitazama, akatazama debe tena. "Hii moja inavuta pumzi vibaya," akasema. "Maji yake imekuwa moto." Akaenda kwenye bomba la stesheni, akarudi na maji kwenye kofia yake, akayamimina kidogo kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akapiga kelele kwamba niondoke, nazuia njia, kwa sababu mkubwa wake alikuwa anakuja. Sijui jina lake. Nilitaka kukusimulia wewe kwanza kabla ya mtu yeyote. Bado nina tabia hiyo, kila kitu nakiweka akiba nikusimulie.

Mariamu aliponiona mlangoni na debe, aliinuka mkekani. Nilijua shoka liko wapi. Halima akapiga yowe, akatumbukiza mkono ndani, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Mariamu akafunga kanga kiunoni. Nilidhani anatoka nje asituone. Alichukua ndoo akaenda bombani. Akaenda tena, na tena, hakukubali nimsaidie, mpaka sanduku likajaa. Kisha akakaa sakafuni mbele yake, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Tukawatazama samaki mpaka jioni. Nilikuwa nimeona mtu mmoja tu anayejua kuwatazama namna ile, wewe.

Walukuba chumba chako kimepangishwa kwa watu wa kiwandani, watu wema, wana mtoto mchanga. Bado nabisha hodi nikipita. Kisha naaibika, nawasalimia, naenda zangu.

Jana Mariamu alinipeleka kaburini. Mimi ni Mkristo, sikujua la kusema, akanifundisha dua fupi, ulimi ukanikwama, naye akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Tukang'oa majani.

Sasa sikia ninachokuahidi, na Mariamu akimaliza kufua nitamwita awe shahidi wangu. Nitatafuta kioo kingine cha dirisha lake, hata kama ni lazima nikibebe kutoka Kisumu kichwani, kwa maana mvua inaingia mpaka kitandani na yeye hasemi. Na kila Idd nitakuja kumvalisha Halima nguo mpya kwa mikono yangu. Sitangoja kuitwa. Hata Mariamu akisema mtoto yuko salama, hata Halima mwenyewe akisema nisije, nitakuja.

Kwaheri, Zaituni. Pumzika, dada. Nilikuwa nimebeba sabuni nikuletee hospitali siku ile nilipochelewa, kipande kizima. Nimempa yule muuguzi aliyekupangusa uso.

Wako,
Adhiambo