Kibao cha Yago

Mama mpendwa,

Huko Migori hamjambo? Jua la Homa Bay linachoma, lakini mimi niko kivulini na leo nimevimba kichwa kabisa! Wiki nzima tunafundishwa kutambua miti ya bustani ya mji kwa magome, majani na maua. Siala niliutaja hata kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Kisha tukafika kwenye yago, na wenzangu waliotoka Nairobi wakayacheka matunda yake, eti soseji.

Mimi ninayeogopa hata kuomba kwa sauti kanisani, nikasimama mbele yao. Nikawaambia Baba alizama ziwani karibu na kisiwa cha Remba, mwili wake haukuonekana, na kwa desturi yetu tukazika tunda la yago badala yake. Kicheko kikaisha. Mwalimu akanipa brashi na kibao cha ule mti. "Andika wewe, dada."

Nimeandika YAGO juu, na jina lake la Kiswahili, mwegea, chini yake.

Goti lako lipake mafuta kila asubuhi, na Mungu akulinde. Herufi nimezifanya kubwa sana, Mama, zisomeke hata kutoka ziwani.

Mwanao,
Akinyi