Kidonge Kilichopiga Picha Mfukoni

Magomeni, Dar es Salaam
9 Juni

Dada Shadya mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Lindi, na kile kikohozi chako kimekwisha. Huku tunaendelea, ila Baba amenichosha, dada, amenichosha kweli.

Unajua anapata choo chenye damu tangu Ramadhani. Kupimwa kwa mpira wa kamera unaopitishwa nyuma alikataa katakata. Alisema havuliwi nguo mbele ya watu wa umri wa wajukuu zake. Nikahangaika hadi nikampata Daktari Hinal wa Upanga, mwenye kidonge chenye kamera ndani. Unakimeza kwa maji, kinapita tumboni mpaka utumbo mpana kikipiga picha, picha zinaingia kwenye kifaa ulichofungwa kiunoni, halafu kinatoka chenyewe chooni. Baba akakubali.

Siku moja kabla nilifunga duka langu la vitenge Kariakoo, nikamsimamia anywe dawa ya kusafisha tumbo. Kila glasi alinilaumu. Asubuhi akapewa kidonge, akanywa maji, akasema kimeshuka. Jioni daktari akaniita kwenye kompyuta. Dada, saa nane nzima ni picha za nyuzi! Nyuzi za mfuko wa kanzu yake. Alikificha shavuni, akakitema alipokwenda msalani na kukitia mfukoni.

Nilimfokea kuanzia Upanga mpaka Msimbazi. Nilimwambia anataka tumzike kwa sababu ya aibu. Tulipofika nyumbani akauliza taratibu, "Na wakiiona kansa kweli, mwanangu? Nitalalaje?"

Dada, nilikuwa sijamwambia mtu: mimi pia napata choo cha damu, kwa miezi minne sasa. Mara tatu nimempeleka Baba kwa daktari, nimekaa pale kwenye benchi, na sikufungua mdomo.

Nilimwambia Baba hayo pale pale. Akaniomba nimpigie Daktari Hinal.

"Mwambie tunakuja wawili," alisema. "Mimi nikimeza nitapanua mdomo, wanimulike."

Tunaenda Jumatano ijayo. Njoo, dada. Siwezi kumchunga Baba nikajichunga na mimi.

Shemeji mpe salamu zangu, watoto wakumbatie kwa niaba yangu. Shuka Magomeni, nitakuja kukupokea.

Mdogo wako,
Anifa