Kaka Athumani Hakukiiba Kile Chuma

Hapana, mama, hakukiiba, na Mwenyekiti akisema mara mia nami nitakataa mara mia. Barua yenu nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikasahau hata kukusalimia. Shikamoo, mama. Nifikishie shikamoo kwa baba pia. Kifua chake kinaendeleaje na baridi hii? Sisi huku Tabora ni wazima wa mwili.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine kabisa. Nilitaka kukueleza jinsi Rajabu wangu anavyonipigia mluzi kutoka uwanja wa shule, anavyonisomea gazeti nikichambua mchele, na jinsi nilivyolifua shati lake mara mbili siku moja kwa sababu tu ni lake. Mama, sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Barua hiyo nimeichana. Naona haya kufurahi wakati kaka yangu amefungwa mguu kwenye nguzo, tena kwa kamba ya katani ya kupimia mistari ya pamba. Yeye ndiye mtu pekee hapo kijijini ambaye hakuwahi kuihitaji kamba hiyo.

Unakumbuka bwana shamba alipokuja kutoka Kilosa? Aliutembea mstari wa kaka mwanzo hadi mwisho, akauliza, "Nani kapima hapa?" Wakamwonyesha Athumani, naye kampa mgongo.

"Msamehe, bwana, huyu hasalimii wakubwa," akasema Mwenyekiti.

"Sikuja kusalimiwa. Wengine wote wafuate mstari wake."

Msimu ule shamba la kijiji likasifiwa wilaya nzima. Leo chuma cha kijiji kimepotea, mtu huyo huyo anaitwa adui wa Ujamaa, na kikao cha mwisho wa mwezi kitaamua apelekwe hospitali ya vichaa. Mama, akipelekwa kule hatarudi. Mtu asiyekula ila kwenye bakuli lake la bati, kule atalishwa na nani?

Kosa ni langu. Kila alfajiri nilikuwa nikimwamsha kaka, tunakwenda shambani kabla ya watu wote. Mama Chausiku jirani alikuwa akinitania, "Wewe Tatu, utaolewa na jembe." Haikuwa bidii, mama. Nilikuwa namkimbiza asikisikie kile chuma kinachogongwa kuwaita watu kazini. Siku moja tulichelewa, kikagongwa tungali karibu. Kaka akaanguka chini, akaziba masikio, akasema, "Kinang'ata." Basi. Neno moja tu. Sisi tunasikia mlio, yeye anang'atwa. Tangu siku hiyo sikuchelewa tena, wala sikumwambia mtu, nikiona ni jambo dogo la mimi na yeye. Kisha nikaolewa, nikapanda treni nikicheka, nisikumbuke kukuachia neno hilo moja. Miezi miwili mizima ameng'atwa kila asubuhi, na mimi huku nafua mashati.

Acheni kukitafuta chuma mto Mkondoa. Athumani hatupi kitu, kila kitu hukirudisha kilikotoka. Hata mwiko wako ukiuweka pengine anauhamisha. Chuma kile ni kipande cha reli, na siku vijana walipokichukua kwenye lundo la reli chakavu nyuma ya stesheni, kaka alikuwepo akiwatazama. Nendeni mkaangalie kwenye lundo. Mkikikuta, muulizeni Mwenyekiti ni mwizi gani huyo anayebeba mzigo mzito namna ile kuurudisha kwa wenyewe.

Na mfungueni, mama, nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha. Chuma kikirudishwa, mwamsheni mapema, mwende naye shambani kabla chuma hakijagongwa. Msimshike mkono. Tangulieni tu, atafuata.

Rajabu alipoisoma barua yenu alisema, "Huyo ndiye aliyenioza." Ni kweli. Alipokuwa mwalimu hapo Kidete, alipita shambani kunisalimu akakanyaga mche. Kaka akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka pembeni kama anaondoa kisiki. Mimi nikacheka, na mazungumzo yetu yakaanzia hapo. Sasa ananiambia, "Nenda, nitajipikia," na ugali hajui hata kuukoroga.

Nisalimie shangazi Mwajuma aliyenifunda, bibi mzaa baba, na Mama Chausiku na utani wake. Mjomba Omari aliyeko Mikumi, mwambieni asije kumsindikiza kaka hospitali, hata kama ameshakubali. Anisubiri.

Kaka msimpe salamu zangu, salamu hazimhusu. Mwambieni tu kwamba Tatu anashuka treni hapo Kidete kabla mwezi haujaisha, kabla ya kikao, na asubuhi yake tutaondoka wawili kwenda shambani watu wangali wamelala. Mwambieni mara moja tu. Atazihesabu siku mwenyewe, kwa hiyo mimi siwezi kukosa kufika.

Mwanao akupendaye,
Tatu