Mama Yangu Hakutembea

Jumatatu, Mpanda. Mvua imekatika tangu asubuhi. Hasira yangu bado. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu tuhamishwe kijijini kwetu, upande wa Nyarugusu ya Geita, pakawa mgodi.

Kule Geita wameondoa sanamu ya mchimbaji mwenye kofia ya taa iliyokuwa ukumbini, katika jengo moja la serikali. Sikuisikitikia. Niliposikia kwamba mahali pake wataweka sanamu yetu sisi tuliohamishwa, nilifurahi kama mtoto.

Mwaka jana afisa utamaduni alinipigia simu kuniuliza siku ile ilikuwaje. Nilimweleza polepole, aandike vizuri. Mama alikaa mlangoni kwenye isumbi yake, kigoda cha miguu mitatu, akasema, "Wanaotaka nyumba waichukue na mimi ndani." Katapila lilikuwa linanguruma nyuma ya zizi, pale tulipomzika baba. Askari wawili walimnyanyua mama pamoja na kigoda chake, wakampakia kwenye lori.

Hakutembea hata hatua moja.

Leo mpwa wangu anayeuza vitenge Kalangalala, kule Geita mjini, amenitumia picha ya sanamu mpya, kabla haijafunikwa kitambaa cha uzinduzi. Mwanamke anatembea, mtungi kichwani, anatabasamu. Chini wameandika: "Waliopisha maendeleo kwa moyo."

Kwa moyo wa nani?

Nikampigia yule afisa.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeiona? Mama amependeza, eti?"

"Marahaba. Mama yangu alibebwa. Mbona huyu anatembea?"

"Tulilijadili hilo, mzee. Akikaa, ataonekana kama amegoma."

"Aligoma."

Akacheka kidogo. "Basi njoo nacho hicho kigoda. Tutakuweka mbele kabisa, ukikalie, uvute kitambaa, tupige picha."

Nimekata simu bila kuaga. Mama asingependa nikose adabu hivyo.

Yule mchimbaji wa zamani sikumpenda, lakini angalau hakumsingizia mtu. Huyu mwanamke wa saruji atatabasamu pale miaka na miaka, na wajukuu zangu wakipita watasoma kwamba mama wa babu yao aliondoka akifurahi.

Kigoda nilikuwa nimeshakifunga kwenye gunia kwa safari ya Ijumaa, ya kwenda kwenye uzinduzi. Nimekifungua, nimekirudisha mlangoni, na ndicho nilichokalia ninapoandika haya.

Sitarudi Geita.